Surua, Mkwe Wangu na Ndoo ya Bati

Nimewahi kuchimba mtaro kuzunguka nyumba yangu bila kushika jembe. Niliuchimba kwa miguu. Siku zile binti yangu alipolala na surua, nilizunguka ile nyumba mpaka ardhi ikabonyea, na mvua ya kwanza iliponyesha maji yalifuata njia yangu kama nimetumwa na serikali kujenga mfereji. Mke wangu husema naongeza chumvi. Sawa, lakini yeye alikuwa ndani, atajuaje?

Mimi nilikuwa nje kwa sababu ndani alikuwamo mama mkwe.

Kwetu Usukumani mama mkwe huheshimiwa kwa miguu: yeye akija, wewe unaondoka. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamkai chini ya paa moja. Neno likiwa la lazima, analipeleka mtu mwingine, na huyo akikosekana unaliambia jiwe au mnyama yeyote aliye karibu, mkwe naye analisikia kwa bahati. Sisi tulikuwa na kuku mmoja mwekundu. Kuku yule alipeleka ujumbe mwingi kuliko posta nzima ya Geita, na hakuwahi kupoteza hata mmoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni ya sukari na kufua kwa majani ya mpapai. Tuliishi kwenye machimbo ya pembeni mwa Nyarugusu, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kila mtu kafuata dhahabu na hakuna aliyeiona zaidi ya kuisikia. Surua iliingia kambini kama mgeni asiyebisha hodi. Ilianza kwa watoto wa upande wa mtoni, ikapanda nyumba kwa nyumba, na asubuhi moja binti yangu, aliyekuwa na miaka miwili na ushee, akaamka macho mekundu, pua inachuruzika, mwili unachoma kama sufuria. Mke wangu akampelekea mama yake habari, naye mama akaja kutoka upande wa Masumbwe na kifurushi kichwani. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma yeye akiingia kwa mlango wa mbele. Tangu dakika ile nyumba haikuwa yangu.

"Wewe kuku," nilisema asubuhi ya pili, nikiwa nimeupa ukuta mgongo, "nasikia humo ndani kuna mgonjwa. Kaamkaje?"

Sauti ikatoka dirishani. "Kuku, ukimwona huyo anayetembea-tembea huko nje, mwambie vipele vinatoka vizuri. Na apunguze vishindo. Ni ng'ombe au ni mtu?"

Mama mkwe alikuwa na sheria zake. Surua, kwa mujibu wake, lazima itoke yote nje, na chochote chenye damu kinairudisha tumboni. Kwa hiyo nyama marufuku, samaki marufuku, dagaa hata harufu yao isipite mlangoni. Maharage yanavimbisha. Mayai yanaziba macho. Karanga zinaamsha kikohozi. Alipomaliza kutaja vilivyokatazwa, kilichobaki kwa mtoto kilikuwa uji mwembamba na hewa, na hewa yenyewe kidogo, maana dirisha lilizibwa kwa kanga ili mwanga usimuumize macho.

Mtu mwingine angekaa kimya akasubiri. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa msomi.

Msisikie usomi mkacheka. Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni. Herufi nilianza kuzijua Mwadui, nilipokuwa nikifagia njia za mji wa almasi nikiwa na ndevu zangu kamili. Kusoma kwenyewe nikakumalizia Nyarugusu, kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa masikio. Cheti changu nilipokitundika, ukuta uliinama kwa uzito. Na aliyetufundisha sayansi hakuwa mwalimu wa kawaida, alikuwa mganga wa zahanati yetu, kijana wa kutoka Kilimanjaro, mwembamba, mpole, asiyejua Kisukuma hata cha kuombea maji.

Jioni moja, kabla surua haijafika, alitufundisha habari za damu. Alisema ndani ya damu mna madini. Darasa zima la wachimbaji likasimama.

"Mengi kiasi gani, mwalimu?" akauliza mmoja. "Yanalipa?"

"Kaeni chini," alisema mganga. "Ni machache sana. Kuna chuma, mnakijua. Kuna shaba kidogo. Kuna zinki, na hiyo ukiikusanya mwilini mzima haijai kijiko cha chai."

"Basi hata kwa karai huipati," mwenzangu alisema, watu wakaangua kicheko.

Mwenzangu huyo ndiye niliyekuwa nikichimba naye duara moja, yaani shimo letu la dhahabu. Alikuwa Mzaramo, mtu wa pwani, Mwislamu wa kofia safi hata akitoka chini ya ardhi, na kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya babu zetu, alikuwa na haki ya kunitukana kuanzia alfajiri hadi jioni, nami nisinune. Mwekeni akilini, atahitajika.

Mganga akaendelea. Virusi, alisema, ni vidudu vidogo kuliko vidogo, na vinaingia mwilini kama wezi wa ng'ombe. Damu ina walinzi wake. "Hapa kwenu mna sungusungu," alisema. "Sasa fikirini sungusungu wametoka, filimbi imelia, lakini mishale haina vyuma. Watafukuza mwizi kwa vijiti. Mtoto ambaye mwili wake hauna zinki ya kutosha ndivyo alivyo. Surua ile ile inayompita mwenzake kwa homa na vipele, yeye inamshika kifua, inamharisha, inamlaza."

Mimi nikanyoosha mkono. "Kwa hiyo ukipima damu ukakuta zinki haipo, umejua nani atazidiwa?"

Akakuna kichwa. "Hapo ndipo wakubwa bado wanabishana. Maana ugonjwa wenyewe ukiingia, zinki katika damu inashuka. Sasa huwezi kujua upesi kama mwizi kaingia kwa sababu mishale haikuwapo, au mishale haipo kwa sababu mwizi kaja."

"Na zinki hiyo ndiyo hii ya mabati?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Ila..."

Hapo mafuta ya taa yakaisha. Taa ikakohoa, ikafa, tukaenda nyumbani. Mimi nikabeba somo zima isipokuwa ile "ila".

Basi fikirini hali yangu. Binti yangu analala gizani na uji wa maji, mimi nazunguka nje nikijua siri ya damu, na baina yetu kuna ukuta wa udongo wenye unene wa kiganja. Kila nilipopita dirishani nilisikiliza. Siku za kwanza alilia, nami nikichukia kile kilio. Baadaye kikawa kinapungua, nikatamani kile cha mwanzo. Duara sikwenda. Nikishika sururu, mkono unaiacha. Nikikaa, jiwe linawaka. Nilikwenda kisimani mara nyingi hivi kwamba tungeweza kufuga viboko.

Wazo likanijia pale pale kisimani, nikiwa nimeshika ndoo yetu mpya ya bati, inang'aa kama mwezi. Zinki! Imezunguka maji yetu kila siku na hatuna habari. Tatizo ni kuitoa ndoo iingie kwenye maji. Na sisi wa Shinyanga tuna nini kwa wingi? Ukwaju. Mtoto yeyote wa kwetu anajua senti iliyochakaa ukiisugua kwa ukwaju inang'aa, kwa hiyo ule uchachu unakula madini. Nikaloweka ukwaju kwenye ndoo, nikaiweka juu ya mafiga, nikachemsha mpaka povu likapanda. Ndani ya ndoo mng'ao ukapauka. Nikaruka kwa furaha. Zinki ilikuwa imehama!

Mke wangu akaja dirisha la nyuma, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Nikamweleza yote: walinzi, filimbi, mishale. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kunywa wewe kwanza," akasema.

"Mimi siumwi."

"Ndiyo maana. Kunywa."

Mtani wangu alikuwa amekuja kuniuliza kama nimelitaliki duara. Akasikia kuna kinywaji cha sayansi, akachukua kikombe kikubwa kabla yangu. "Wasukuma hamjui kunywa," akasema, "mnajua kunywesha ng'ombe." Akakikausha. Mimi nikafuata.

Ladha ilikuwa kama kulamba tundu la kitasa. Tulitazamana. Kisha mtani akaweka kikombe chini taratibu sana, akavua kofia yake safi, akanikabidhi kama mtu anayekwenda vitani, akakimbilia nyuma ya kichaka cha minyaa. Nilimkuta huko. Sitasimulia zaidi, ila nitasema kwamba nilitoa chakula nilichokula Mwadui nikiwa kijana. Tulishikana mabega, mmoja akipumzika mwingine anaendelea, mpaka jua likageuka.

Kutoka ndani nilisikia mama mkwe akisema, sauti imejaa kicheko kwa mara ya kwanza tangu afike: "Kuku, waambie walioko kichakani, mgonjwa tuliyemjia ni mmoja tu."

Nilicheka pia, nikiwa nimepiga magoti. Halafu nikakumbuka kikombe kile nilikuwa nimemkusudia nani, na kicheko kikakatika.

Nikachukua baiskeli nikaenda zahanati. Mganga alipeleka macho kutoka usoni kwangu hadi kwenye kiganja nilichoshikia tumbo. Nilipomweleza, alikaa.

"Ila," alisema. "Nilitaka kusema, ila ya bati hailiwi. Ile ni sumu ya tumbo, bwana. Zinki ya mwili inakuja kwa chakula. Maini. Nyama. Dagaa. Maharage. Karanga, mbegu za maboga. Umempa nini kati ya hivyo?"

"Vyote vimekatazwa."

"Na nani?"

Nikamwambia. Akaniuliza mtoto anakunywa, anaharisha, macho yakoje. Akasema surua haina dawa ya kuiua. Kazi ni kumnywesha na kumlisha wakati mwili unapigana, na huyo aliyeachwa na uji wa maji anapigana kwa mikono mitupu. Akanipa dawa ya matone ya macho na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. "Maini ndiyo mazuri kuliko yote," akasema. "Yana zinki, yana chuma, na yanasaidia macho. Leo, si kesho."

"Mama mkwe hatakubali."

"Si umwambie?"

"Nimwambie mama mkwe?"

"Ndiyo. Uingie, ukae naye, umweleze."

Nilimwonea huruma. Usomi wote ule, na hakujua kitu cha kwanza. Ni kama angeniambia niruke mpaka Mwanza, nikipumzika kwenye mawingu.

Nikapita kwa mchinja nyama, nikapata maini, akanifungia kwa jani la mgomba. Nikaja nayo mpaka nyumbani. Nikasimama kwenye mtaro wangu.

"Wewe kuku," nikasema. Kuku hakuwapo. Nikaliambia figa: "Mganga kasema mtoto ale maini."

Ndani mwiko ukagonga chungu. Kisha: "Figa, mwambie huyo kwamba mganga hana mtoto."

Mke wangu akatoka. Hakunitazama usoni. "Mama hataki kusikia," akasema polepole. "Na leo mtoto kaukataa hata uji. Midomo imepasuka. Nimembana anywe, hakulia."

"Hakulia kabisa?"

"Hakulia."

Hapo ndipo nilipojua miguu yangu ilikuwa inakimbia nini siku zote zile. Nilianza kuzunguka tena, na yale maini mkononi, inzi wakinifuata kama bendi ya harusi. Nikafika mlangoni, nikageuka. Nikafika tena, nikageuka. Ningeweza kuingia. Hakuna askari ambaye angenizuia. Lakini mtu aliyelelewa kama mimi akivuka ule mlango, mama mkwe angefunga kifurushi chake saa ile ile kwa aibu, mke wangu angebaki katikati, na mtoto bado angekuwa na mdomo uliofungwa.

Kilio kikaanza nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kilio cha watu wazima. Mvulana wa pale, wa umri wa binti yangu, alikuwa amekwenda. Surua hiyo hiyo.

Kwa desturi, msibani ni watani wanaoshika sepetu. Mtani wangu, tumbo bado halijatulia, alikwenda kuchimba. Niliona kwa mbali watu wakiinama na kuinuka. Lilikuwa shimo dogo, wachimbaji kama sisi tunalimaliza kabla ya chai kupoa, na ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote niliyowahi kuona. Hakuna aliyetania pale. Walipomaliza, mtani hakwenda kunawa. Alikuja moja kwa moja kwangu, sepetu begani, udongo mwekundu hadi magotini.

"Hayo maini bado umeyashika?"

"Hataki."

"Nipe."

Akayachukua. Akasimama mbele ya mlango wa nyumba yangu, akapiga sepetu chini mara moja.

"Hodi mtani!"

"Nani?" mama mkwe akauliza.

"Mzaramo wako. Nimekuja kazini. Nimesikia humu mnatayarisha kitu kwa uji mwembamba, nikasema nisiwasumbue kuniita, sepetu ninayo tayari. Niambie tu, bibi, kipimo gani? Na nichimbe upande huu wa mgomba, au mnapenda kule penye kivuli?"

Nilishika ukuta. Mke wangu alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. Mlango ukafunguka kwa kishindo, nami nikageuka haraka kutazama milima, kama inavyotakiwa, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwa masikio tu.

"Mshenzi wee! Mla nguru! Unakuja kumchimbia kaburi mtoto aliye mzima?" Mwiko ukatua mahali. "Toka!"

"Nipige, nipige, mimi ni mtani. Lakini kipimo."

"Hakuna kipimo hapa! Nimezika wawili wa tumbo langu kwa surua, unasikia? Wawili! Na wote nyumba ilikuwa imepika nyama. Unataka nimpe nyama na huyu?"

Mwiko haukutua tena. Mtani aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka.

"Mama, mimi natoka kumlaza mmoja sasa hivi. Huu ni udongo wake. Huyo hakula nyama. Hakula maharage. Hakula kitu. Alikuwa mwepesi, mama. Nimempokea kaburini, nikadhani wamenipa nguo."

Nilisikia kuku akirudi, akikwaruza miguuni pangu.

"Sitaki kukuona na sepetu nyumbani kwangu," mama mkwe akasema mwishowe, sauti imepasuka.

"Basi nipe kazi nyingine."

"Weka chini hiyo. Nipe hayo maini. Yamejaa inzi, nyie wanaume mmeyashika kama mpira. Na wewe, kata kuni."

Mtani akakata kuni. Alikata za kutosha kupika ng'ombe wa wilaya nzima. Mama mkwe aliyachemsha yale maini mwenyewe, kwenye chungu chake cha udongo, na alipoulizwa na mke wangu kama atumie ndoo alitoa tusi la Kisukuma ambalo halina tafsiri. Akayatwanga mpaka yakawa laini kama ugoro, akayachanganya na uji mzito wa mtama, akaweka karanga kwa hiari yake. Kila hatua aliitangaza kwa sauti, akijidai anamwambia mtani, lakini mimi nilijua anamwambia nani.

"Sasa naupoza. Sasa mama yake anamshika kichwa. Kidogo ulimini. Ametema." Nikazunguka. "Tena. Ametema." Nikazunguka. "Tena. Kameza kidogo, nadhani. Kimeenda."

Halafu, kutoka kwenye lile giza la kanga, binti yangu akalia. Uji ulikuwa umegusa kidonda cha mdomo, akalia kwa hasira, kilio kizima chenye pembe. Nilikaa chini pale pale kwenye mtaro. Mtani akaja akakaa karibu yangu, tukamsikiliza kama watu wanaosikiliza mpira redioni.

Hakupona siku ile. Kulikuwa na kuharisha, kukawa na kikohozi kilichonitembeza mpaka machimbo yote yakanijua kwa mwendo. Lakini alikula. Maini, kisha mchuzi wa dagaa, kisha maharage yaliyopondwa, na mama mkwe akaondoa marufuku zake moja moja, kila moja kwa sababu aliyoitunga yeye. Ngozi ikambambuka, ikabaki mpya. Nilimwuliza mganga kama ni ile zinki. Akasema huenda, huenda ni maji, huenda mwili wake ulikuwa na mishale tangu mwanzo. Angehitaji kupima damu yake kabla na baada, na watoto wengine wengi pia, na hata hapo wangebishana. Jibu hilo limenikera hadi leo. Mtu unataka kujua nani wa kumshukuru.

Siku mama mkwe alipoondoka, nilisimama nyuma ya jiko nimeupa mlango mgongo, binti yangu begani akinivuta sikio na kudai "ini, ini" kama mdai wa kodi. Nilisikia hatua zikitoka, zikasimama karibu nami kuliko zilivyowahi kusimama.

"Kuku," akasema, "mwambie mwenye nyumba, mtoto ni mzito sasa, amshike kwa mikono miwili. Na mwambie hii ndoo naondoka nayo. Hapa si salama."

Nikamshika kwa mikono miwili. Hatua zikaenda, na mlio wa mpini wa ndoo ukaenda nazo, njia yote ya kuelekea Masumbwe, nami sikugeuka mpaka ulipokwisha.